Wimbi Linapochelewa

Septemba 1945, katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, mwanamke wa miaka 67 aitwaye Sofia Schafstadt alifikishwa kwa daktari Willem Kolff akiwa hajitambui. Figo zake zilikuwa zimegoma. Vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu, na mama huyo alikuwa mfungwa, kwa kosa la kuwaunga mkono Wajerumani walipoitawala nchi yao. Kolff alikuwa na mtambo aliouunda mwenyewe wakati wa vita, vitu vikiwa adimu: pipa la vipande vya mbao, mpira wa selofeni ule wanaotilia soseji, na beseni kubwa la enameli. Karibu wagonjwa wote aliowaunganisha nao kabla ya hapo walikufa. Huyu hakufa. Damu ilizungushwa kwa saa nyingi, urea ikashuka, macho yakafumbuka. Inasimuliwa kwamba jambo la kwanza la maana alilotamka ni kwamba sasa anakwenda kudai talaka kwa mumewe.

Kisa hiki hunichekesha kwanza, kisha kicheko kikanikatikia njiani. Mama yule hakuzinduka akiwa mtu mpya wala mtu mpole. Alizinduka na ugomvi wake. Ndoa, kinyongo, uamuzi wa kuondoka, vyote vilikuwako vikingoja damu isafishwe. Basi siku zile alizolala bila kujitambua, mwenye kinyongo hicho alikuwa wapi?

Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu wapo wanaopotea wakarudi na wapo wasiorudi. Tarehe 25 Novemba 1901, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, Ujerumani, ilimpokea Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51. Daktari Alois Alzheimer aliketi naye, akawa anaandika maswali na majibu. Jina lako nani? Auguste. La ukoo? Auguste. Na mumeo? Akasita, kisha akajibu kwamba anadhani ni Auguste. Alipopewa kalamu aandike jina lake alianza vizuri, akakwama. Alzheimer aliandika pia kwamba mgonjwa huyo alilalamika kuwa amejipoteza. Alikufa Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich, ambako Alzheimer alikuwa amehamia, naye akaona chini ya hadubini madoa magumu kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Novemba mwaka huohuo alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen akawaeleza alichokiona. Hakuna aliyeuliza swali.

Alzheimer mwenyewe alifariki Desemba 1915, akiwa na miaka 51, umri uleule wa Auguste siku alipolazwa. Waliosimulia maisha yake wanaeleza kwamba moyo wake ulikuwa umeharibika, na mwishoni figo nazo zikashindwa kazi. Sina tabia ya kutafuta ishara katika vifo vya watu. Hata hivyo, aliyeupa jina lake ugonjwa wa kusahau aliondoka kwa njia ambayo miaka 30 baadaye ingeweza, labda, kuzuiwa kwa pipa la mbao na mpira wa soseji.

Katikati ya habari hizo mbili kuna mtu wa tatu, na ndiye aliyetupa namna ya kuutazama ubongo ulio hai bila kuupasua. Hans Berger alikuwa kijana jeshini katika miaka ya 1890 alipoanguka kutoka juu ya farasi mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa, akaponea chupuchupu. Siku hiyohiyo ikaja telegramu kutoka kwa baba yake: dada yake ameingiwa na hofu ya ghafla, anataka kujua kama yeye ni mzima. Berger akaamini kwamba woga wake ulisafiri hadi nyumbani, akaacha mambo ya nyota aliyokusudia kuyasomea, akaingia udaktari ili aitafute nguvu hiyo iliyosafiri. Hakuipata. Alichokipata mjini Jena, mwaka 1924, ni mtikisiko mdogo wa umeme juu ya kichwa cha binadamu, umeme unaopimwa kwa sehemu za milioni za volti. Alimpima hata mwanawe, Klaus. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mstari unapanda na kushuka mara 10 hivi kwa sekunde; akiyafumbua, mchezo huo unakatika. Alikaa na siri hiyo miaka mitano ndipo akaichapisha, 1929, na wengi wakamdharau mpaka Edgar Adrian wa Cambridge alipoithibitisha mwaka 1934.

Huyuhuyu Berger, Wanazi walipotawala, alishiriki katika mahakama iliyoamua nani afungwe kizazi kwa nguvu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Mwaka 1941 alijiua. Naye Kolff, aliyeishi chini ya utawala wa hao Wanazi, alimsafisha damu mtu aliyekuwa upande wao. Kipimo na mtambo havina dini; mwenye kuvishika ndiye mwenye nayo.

Kipimo cha Berger, ambacho hospitalini hukiita EEG, hakijabadilika sana kimsingi. Vibati vidogo, kwa kawaida 19 au 21, hubandikwa kichwani kwa mpangilio uliokubaliwa mwaka 1958. Mawimbi hupewa majina ya Kigiriki kwa kasi yake: delta, yaliyo chini ya mara 4 kwa sekunde, theta, kati ya 4 na 8, alfa, kati ya 8 na 13, na beta, yaliyo juu ya hapo. Wengi hudhani mashine hii husoma mawazo. Haisomi. Msomaji wake ni kama mtu aliyesimama nje ya ukuta wa nyumba yenye harusi. Ngoma anaisikia, anajua ikichangamka na ikilegea, anajua hata upande gani wa ua umenyamaza, lakini nani kamwambia nani nini, hilo limebaki ndani.

Mtu mwenye Alzheimer, ngoma yake hulegea pole pole. Wimbi la alfa la kisogoni, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 9 na 10, hushuka hadi 8, kisha 7. Theta huongezeka, na ugonjwa ukikomaa delta nayo hujaa. Mgonjwa anapofumbua macho, alfa iliyobaki haishtuki kama ilivyokuwa ikishtuka. Sehemu za mbali za ubongo, zilizozoea kupanda na kushuka pamoja, kila moja hushika njia yake. Sababu mojawapo inajulikana: kuna kundi la seli chini ya ubongo wa mbele zinazotoa asetilikolini, kemikali inayouweka ubongo macho, na Alzheimer huziua mapema. Mtu mzima mwenye afya akipewa dawa inayoizuia kemikali hiyo, mawimbi yake huchelewa na kumbukumbu yake huyumba kwa saa chache.

Hapa pana mtego. Mtoto wa miezi mitatu au minne ana wimbi la kisogoni la mara 3 au 4 kwa sekunde. Akifikisha mwaka mmoja huwa kama 6, miaka mitatu ni 8, na akikaribia kumi hufikia 10 la watu wazima. Kwa hiyo mzee mwenye Alzheimer anashuka ngazi zilezile alizozipanda. Ni rahisi hapo kusema kwamba amerudi utotoni, na wengi husema, tena kwa mapenzi, huku wakimlisha na kumsemesha kwa sauti ya kubembeleza kitoto. Mimi naukataa usemi huo. Wimbi la mtoto ni la polepole kwa sababu nyaya za ubongo wake bado zinavishwa mafuta yake, kila juma anaongeza. Wimbi la mzee ni la polepole kwa sababu nyaya alizokuwa nazo zinakatika. Kasi ikilingana, historia haijalingana. Mzee huyo amezika watu, amelipa madeni, amelea. Anastahili kuamkiwa shikamoo hata siku asiyokumbuka kuitikia marahaba.

Figo nazo, zikishindwa, huuchelewesha ubongo, ila kwa mwendo mwingine. Figo mbili za mtu mzima huchuja lita 180 hivi za maji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini, uchafu ukabaki kwenye mkojo. Uchujaji huo ukifa, urea na takataka nyingine nyingi hulundikana, kalsiamu huvurugika, na ubongo huanza kulewa. Mgonjwa anakuwa mzito wa kufikiri, anasinzia katikati ya maneno, mikono aliyoinyoosha inapiga kofi hewani, usiku anaweweseka. Kwenye karatasi ya EEG alfa huyeyuka, theta na delta huja, hasa upande wa paji la uso. Kwa baadhi ya wagonjwa hutokea wimbi lenye sehemu tatu: kilima kidogo, bonde, kilima kipana, na tena, na tena. Wimbi hilo lilipoelezwa kwa mara ya kwanza, miaka ya 1950, lilihesabiwa kuwa alama ya ini lililoharibika. Baadaye likaonekana kwa wenye figo mbovu, na kwa waliovurugika damu kwa sababu nyingine kabisa.

Tofauti kubwa, kwa hiyo, haimo katika umbo la wimbi. Imo katika kinachotokea baadaye. Safisha damu ya mgonjwa wa figo kwa siku na majuma, na mara nyingi mawimbi hukaza mwendo. Mpe figo mpya, na hukaza zaidi. Mgonjwa wa Alzheimer hana kichujio cha kubadilishiwa. Karatasi moja iliyochukuliwa asubuhi moja inaweza isikuambie uko na nani kati ya hao wawili. Itakuambia tu kwamba mwendo umelegea. Daktari mwerevu huuliza ulianza kulegea lini, siku tatu au miaka mitatu, kisha huagiza damu, kisha hupima tena.

Laiti mambo yangeishia hapo, tungegawa watu mafungu mawili, wanaorudi na wasiorudi. Lakini figo na ubongo vimeoana kwa namna isiyokubali mgawanyo huo. Vyote viwili ni walafi wa damu. Figo peke yake huchukua karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia asilimia 20 hivi ya nguvu zake. Damu hiyo huingia kwa kasi katika mishipa myembamba mno, na presha na kisukari huitoboa na kuikausha mishipa hiyo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wenye ugonjwa sugu wa figo hupata matatizo ya kumbukumbu zaidi kuliko wenzao wa rika lao, hata kabla ya kufikia mashine ya kusafisha damu. Na ndiyo maana mama wa miaka 75 mwenye presha ya miaka 20 anaweza kuwa na yote: figo zilizochoka, mishipa iliyoziba, na Alzheimer juu yake. Ngoma yake ni jumla ya hasara zote hizo. Ukimsafisha damu, sehemu itarudi. Sehemu.

Tena, dawa yenyewe iliwahi kuwa ndiyo sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Denver, Marekani, wakiongozwa na Allen Alfrey, walianza kuona jambo la kutisha kwa watu waliosafishwa damu kwa miaka kadhaa. Mgonjwa anaanza kugugumiza, hasa mwishoni mwa zamu ya mashine. Kisha mikono inashtuka, akili inaporomoka, kifafa, na kwa kawaida kifo ndani ya miezi. Mawimbi yao ya ubongo yalionyesha milipuko ya delta kubwa, na kwa wengine milipuko hiyo ilionekana kabla ya ulimi kuanza kukwama. Mwaka 1976 kundi hilo lilimtaja mtuhumiwa: alumini. Ilipitia njia mbili. Moja ni vidonge vyenye alumini walivyopewa wagonjwa ili kupunguza fosfeti. Ya pili ni maji.

Sisi tunaijua shabu. Ni ile ile bibi zetu waliyoikoroga katika maji ya tope kwenye mtungi, uchafu ukazama. Miji mikubwa hufanya vivyo hivyo kwa matangi, na shabu ni chumvi ya alumini. Anayeyanywa maji hayo hadhuriki, kwa kuwa utumbo huipitisha alumini kidogo sana na figo nzima huitoa. Ila mgonjwa wa mashine, damu yake hukutana na zaidi ya lita 100 za maji kwa kila zamu, mara tatu kwa juma, utando mwembamba tu ukivitenganisha, na figo za kuitoa hana. Siku hizi maji ya mashine huchujwa kwa hatua nyingi, na ugonjwa ule umekuwa nadra. Haujafa: mwaka 1996, katika kisiwa cha Curaçao, bomba jipya lililopakwa saruji kwa ndani liliachia alumini kwenye maji ya kituo kimoja cha kusafisha damu, wakafa watu 10.

Habari ya Denver ilizaa hofu iliyofika mpaka majikoni. Kama alumini huua akili ya mgonjwa wa figo, je, sufuria zetu? Wanasayansi waliifuatilia Alzheimer kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na wengi wao wameiacha. Madoa na nyuzi alizoziona Alzheimer si ugonjwa wa wale wa Denver. Mwenye figo nzima apike kwenye sufuria yake. Afadhali woga huo auelekeze kwenye presha, ambayo haina rangi wala ladha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo vituo vya kusafisha damu, vya huku kwetu na vya kwingine, vingelizingatia kesho bila gharama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwapima akili wagonjwa wa mashine kwa nyakati tofauti: kabla ya zamu, wakiwa kwenye mashine, baada yake, na siku inayofuata. Uwezo wa kufikiri ulikuwa mbovu kuliko wakati wote mgonjwa akiwa kwenye mashine. Ulikuwa bora muda mfupi kabla ya kuunganishwa, na siku ya pili yake. Sasa fikiria ni wakati gani muuguzi huleta maelezo ya chakula, ni wakati gani daktari hupita kueleza dawa mpya, ni wakati gani fomu husainiwa. Ni palepale kitini, mashine ikizunguka, kwa kuwa ndipo mgonjwa anapopatikana. Kisha tunamwita mbishi kwa kutofuata alichoelezwa.

Mashine za EEG ni chache Afrika Mashariki, na nyingi zinatumika kwa kifafa, tena ni haki yake. Kutambua ugonjwa wa kusahau hakuhitaji kungojea umeme. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walizunguka vijijini wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 walikadiria kwamba zaidi ya wazee 6 katika kila 100 wana ugonjwa huo. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kwa kuwa vipimo vya Ulaya humtaka mtu aandike na kuchora, na wazee wengi wa Hai hawakusoma, lilitengenezwa jaribio jingine: mzee ataje wanyama kadiri awezavyo, akumbuke maneno kumi, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kiberiti cha dukani, tu. Nakipenda kipimo hicho kuliko mitambo mingi, kwa sababu kimemfuata mzee alipo.

Kisichopimwa hupewa jina lolote. Bibi akikutwa usiku kwenye ua wa watu asiweze kueleza kafikaje, wapo watakaosema mwanga, na sehemu za Usukumani na Kilifi neno hilo limekwisha kugharimu roho za wazee. Wapo watakaosema kwa upole kwamba ni uzee. Jina la pili ni la huruma kuliko la kwanza, lakini nalo linaweza kuua, kwa kumwacha mgonjwa wa figo alale kitandani akisubiriwa, wakati kinachomlaza kingeonekana kwa chupa moja ya damu.

Ndugu msomaji, mzee wako akibadilika ndani ya siku au majuma machache, akawa anachanganya mchana na usiku, anasinzia mezani, anawaita wajukuu kwa majina ya waliokufa, usikubali aandikiwe dawa ya usingizi hapohapo. Omba apimwe kreatinini (kipimo cha figo), chumvi za damu, sukari, presha na mkojo, na mweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za maumivu za kununua dukani na za mitishamba, kwa sababu kadhaa kati yake huziumiza figo. Hospitali nyingi za wilaya zina vipimo hivyo. Vikirudi safi, hapo ndipo yaanze mazungumzo marefu ya Alzheimer.